Nasaba ya kitaaluma: nani alimsimamia nani katika hisabati

Nasaba ya kitaaluma ni mnyororo unaomuunganisha msomi na mtu aliyesimamia tasnifu yake ya uzamivu, kisha msimamizi huyo na msimamizi wake, hivyo hivyo kurudi nyuma karne hata karne. Msimamizi huhesabiwa mzazi, na waliosimamiwa na mtu mmoja ni ndugu. Anayeijua sanadi ya hadithi au ijaza za maulamaa wetu wa pwani ameshaelewa: elimu inatajwa pamoja na mikono iliyopitia.

Wanahisabati ndio walioishughulikia kazi hii kwa bidii kubwa. Miaka ya 1990 Harry Coonce, mwalimu wa hisabati huko Minnesota, Marekani, alianza kukusanya taarifa hizi, na hifadhidata aliyoianzisha sasa ina majina zaidi ya 300,000. Kila jina huambatana na chuo, mwaka, kichwa cha tasnifu, msimamizi na wanafunzi.

Chukua Gauss, mwanahisabati mashuhuri wa Kijerumani. Alipata shahada yake Helmstedt, Ujerumani, mwaka 1799, chini ya Pfaff. Pfaff naye aliipata katika chuo cha Göttingen, Ujerumani, mwaka 1786 chini ya Kästner. Tukishuka upande wa pili, Gauss alimsimamia Riemann (1851) na Dedekind (1852). Kwa hiyo Riemann, ambaye jiometri yake ndiyo Einstein aliyoitumia kueleza mvutano, ni kitukuu cha Kästner, mtu ambaye leo wanamkumbuka wachache sana. Wapo wanaojivunia kuwa nasaba yao inafika kwa Gauss. Mimi sioni kama hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu vizazi vikishakuwa saba au nane wazao huwa maelfu kwa maelfu.

Ukirudi nyuma zaidi, neno msimamizi lenyewe linalegea. Mwanahisabati Lagrange huwekwa chini ya mwenzake Euler, lakini uhusiano wao ulikuwa wa barua: mwaka 1755, akiwa na miaka 19, Lagrange alimwandikia Euler kutoka Torino, Italia, kumweleza mbinu yake mpya. Mwanahisabati Hardy wa Cambridge, Uingereza, hakuwa na uzamivu kabisa, wala haikuwa aibu, maana Uingereza ya ujana wake haikuwa na shahada hiyo.

Lakini kinachonigusa zaidi ni habari ya Emmy Noether, mwanahisabati wa Kijerumani. Kwa karatasi, yeye ni mwana wa Paul Gordan, aliyemsimamia katika chuo cha Erlangen hadi mwaka 1907. Tasnifu ile ilikuwa ya mahesabu marefu kwa mtindo wa Gordan, na baadaye Noether mwenyewe aliidharau. Hisabati iliyompa jina aliifanya Göttingen, alikoitwa na wanahisabati Hilbert na Klein mwaka 1915. Kwa kuwa alikuwa mwanamke, hadi mwaka 1919 mihadhara yake ilitangazwa kwa jina la Hilbert. Hayo yote hayaonekani kwenye mstari unaomuunganisha na Gordan.

Hata upande wa watoto pana pengo. Mwanahisabati wa Kiholanzi, Van der Waerden, alifika Göttingen mwaka 1924 akakaa miguuni pa Noether, lakini shahada yake ilitoka Amsterdam mwaka 1926, chini ya de Vries. Kwenye mti wa nasaba si mwana wa Noether. Fungua kitabu chake cha aljebra cha mwaka 1930: kwenye ukurasa wa jina ameandika kuwa ametumia mihadhara ya mwanahisabati Artin na ya Noether. Kitabu hicho kiliwafundisha aljebra wanafunzi wa vizazi kadhaa, na deni lake kwa Noether limechapwa pale mbele.

Basi anayefuatilia nasaba ya msomi yeyote asiishie kwenye jina la msimamizi. Asome ukurasa wa shukrani wa tasnifu, na dibaji za vitabu alivyoandika baadaye. Huko ndiko huwatajwa walimu wasio na saini kwenye cheti.