Uchovu wa misuli na tofauti ya wanawake na wanaume

Uchovu wa misuli ni kupungua kwa nguvu ambazo msuli unaweza kutoa, kutokana na kazi uliyokwisha kuifanya. Haumaanishi usingizi wala maumivu ya siku ya pili baada ya mazoezi. Tena huanza mapema kuliko tunavyodhani: mtu bado ameushikilia mzigo vizuri tu, lakini ukimwambia avute kwa nguvu zake zote, utakuta zimeshapungua. Akipumzika, zinarudi.

Kwa kuwa wanaume kwa wastani wana nguvu zaidi, wengi huamini kwamba wao pia ndio wanaochelewa kuchoka. Vipimo vya maabara mara nyingi vimeonyesha kinyume, ila kwa sharti moja ambalo lisipotajwa jambo zima hupotoshwa: kila mtu apimwe kwa kiwango kilekile cha nguvu zake mwenyewe. Chukua mfano wa mwanamume ambaye mkono wake unaweza kuinua kilo 40 na mwanamke anayeweza kilo 20. Wakipewa wote kilo 8, mwanamume anatumia asilimia 20 ya uwezo wake, mwanamke asilimia 40, na bila shaka mwanamke atachoka kwanza. Lakini mpe mwanamke kilo 4, ambazo ni asilimia 20 yake, kisha waambie washikilie bila kusogeza mkono. Hapo mwanamke kwa kawaida ndiye atakayedumu zaidi.

Sababu kubwa ni damu. Msuli unapokaza hubana mishipa ya damu iliyomo ndani yake, na kadiri nguvu inavyokuwa kubwa ndivyo mbano unavyozidi. Msuli wa mwanamume, kwa kutoa nguvu nyingi zaidi, hujinyima oksijeni mapema na kulimbikiza mabaki ya kemikali yanayoudhoofisha. Watafiti waliwahi kuzuia kabisa mtiririko wa damu kwenye mguu wakati wa jaribio, na tofauti kati ya jinsia mbili ikatoweka.

Si damu peke yake. Katika misuli kadhaa, ikiwemo ya paja, wanawake huwa na sehemu kubwa zaidi ya nyuzi zinazokaza polepole, ambazo hutegemea oksijeni na hazichoki upesi. Katika mazoezi ya muda mrefu, miili yao pia huchoma mafuta zaidi na kuitunza glaikojeni, yaani akiba ya sukari iliyo ndani ya misuli.

Hata hivyo, tofauti hii haipo kila mahali. Hupungua mzigo unapokaribia nguvu za juu kabisa za mtu, au msuli unapokaza na kulegea kwa kasi. Huwa kubwa kwenye misuli inayokunja kiwiko, ndogo kwenye ile inayoinua wayo.

Kwenye mbio hesabu ni nyingine. Kasi hutegemea pia moyo, mapafu na himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, na hapo wanaume wana faida; ndiyo maana katika marathoni rekodi zao ziko mbele kwa takriban asilimia 8. Lakini katika nusu ya pili ya marathoni, wanawake kwa wastani hawapunguzi mwendo sana kama wanaume. Na mwaka 2019 Jasmin Paris alishinda Spine Race, mbio za Uingereza za takriban kilomita 430, akiwatangulia washiriki wote, wanaume kwa wanawake.

Linalonisikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya sayansi ya mazoezi imejengwa kwa kuwapima wanaume. Mwanamke anayejirudishia nguvu baada ya jeraha hupewa idadi ya marudio na muda wa kupumzika uliotokana na miili isiyo yake, pengine chini ya anachoweza. Kocha au mtaalamu wa fiziotherapia apime kwanza nguvu za juu za mtu huyo, apange mzigo kwa asilimia yake, kisha aangalie msuli unaanza kulegea kwenye rudio la ngapi.