Nyongo ilitolewa, mbona inauma tena?

Mama wa makamo kutoka Kadutu ananionyesha kovu chini ya mbavu za kulia. Juzi alikula sambaza za kukaanga na sombe lililojaa mawese. Usiku maumivu yakamkaba palepale pa zamani, yakapanda hadi bega la kulia. Miezi kadhaa amemeza dawa za vidonda vya tumbo, nafuu hakuna.

Wagonjwa wa namna hii hapa Bukavu nawaomba kwanza protokole ya operesheni, yaani karatasi ambayo mpasuaji aliandika alichokifanya. Mara nyingi hawana, na hakuna aliyewaambia waidai. Ikipatikana, huenda mstari mmoja ukaeleza yote: sehemu ya kifuko cha nyongo iliachwa.

Msikimbilie kumlaumu mpasuaji. Kifuko kikivimba na kugandamana na ini, pale kwenye shingo ya kifuko huwezi kutofautisha mrija wake na mrija mkuu unaopeleka nyongo utumboni. Kuukata huo mkuu ni balaa kubwa kuliko kubakiza kipande. Kwa hiyo anakata panapoonekana, anatoa vijiwe, anafunga. Ninachomlaumu ni kunyamaza baadaye.

Kipande kilichobaki huweza kuwa kifuko kidogo kinachotunza nyongo. Vijiwe vilivyosahaulika humo, au vipya, huanza kusumbua hata baada ya miaka. Kwenye ekografi, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti, kijiwe huonekana kama punje nyeupe yenye kivuli cheusi nyuma yake, lakini anayepima akisikia "nyongo ilishatolewa" hupita haraka. Mwambie atafute. IRM ya mirija ya nyongo, yaani picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, huonyesha vizuri zaidi, pamoja na kijiwe kilichoteremka kwenye mrija mkuu. Hicho aghalabu hutolewa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, ingawa kipande chenyewe kinabaki.

Kipande kisichouma kwa kawaida tunakiacha. Chenye vijiwe na maumivu hutolewa kwa operesheni ya pili, nayo ni ngumu kuliko ya kwanza, maana makovu yameunganisha ini, utumbo na mirija. Wengine hufanyiwa kwa matundu madogo, wengine hufunguliwa tumbo. Muulize mpasuaji kama amezoea mirija ya nyongo. Swali hilo halimtukani.

Ila macho yakigeuka manjano, ukapata homa na kutetemeka, usingoje miadi. Njoo siku hiyohiyo, hata usiku.