Je, wajua? Vyama vya wafanyakazi Marekani vilianza kunyauka kabla ya Reagan

Ukiuliza nani aliyevivunja nguvu vyama vya wafanyakazi Marekani, wengi watakutajia Ronald Reagan. Agosti 1981 waongozaji ndege wapatao 13,000 waligoma, ilhali sheria iliwakataza watumishi wa serikali kuu kugoma. Rais akawapa saa 48 warudi kazini. Zaidi ya 11,000 wakakaidi, wakatimuliwa. Kisa hiki kina utamu wake: chama chao kilimuunga mkono Reagan katika uchaguzi wa 1980, na yeye mwenyewe aliwahi kuongoza chama cha waigizaji wa filamu na kukiingiza kwenye mgomo mwaka 1960.

Kinachokwamisha hadithi ni tarehe. Katikati ya miaka ya 1950, karibu theluthi ya wafanyakazi walikuwa wanachama. Tangu hapo uwiano ukawa unashuka, kwa hiyo Reagan aliukuta mteremko wa robo karne. Hata ruhusa ya kuajiri wengine wa kudumu badala ya wagomaji, waajiri binafsi walikuwa nayo tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1938. Alichofanya yeye, yumkini, ni kuwaonyesha kwamba inatumika.

Mizizi ya mteremko huo iko kwenye ushindi wenyewe wa vyama. Sheria ya Wagner ya 1935 iliwapa wafanyakazi wa sekta binafsi haki ya kuunda vyama, ingawa wa mashambani na wa majumbani waliachwa nje. Kule Flint, Michigan, wafanyakazi wa General Motors walijifungia kiwandani kwa siku 44. Kampuni ikazima joto katikati ya Januari 1937, polisi wakaja na mabomu ya machozi, nao wakawajibu kwa maji ya mipira ya zimamoto na bawaba za milango ya magari. Februari kampuni ikakitambua chama.

Ila haki hiyo hufungwa kwenye eneo la kazi. Chama hupigiwa kura kiwanda kwa kiwanda. Ni kama shamba la minazi ambalo kila mche mpya lazima uombewe kibali, huku mwenye ardhi akiruhusiwa kuupinga. Hakuna haja ya kukata mnazi hata mmoja: izeeke tu, miche ichelewe. Kiwanda cha zamani kikifungwa, chama chake huzikwa nacho. Kipya kinachofunguliwa kusini huanzia sifuri. Na tangu sheria ya Taft-Hartley ya 1947, majimbo yanaweza kupiga marufuku ada ya lazima, lakini chama bado hubeba mzigo wa kumtetea hata asiyelipa.

Utandawazi na mashine vina sehemu yao, na wachumi wanabishania kiasi. Hata hivyo Kanada, yenye viwanda vinavyofanana na vya jirani yake, bado ina karibu 30% ya wafanyakazi kwenye vyama. Marekani mwaka 2024 ilikuwa 9.9%: sekta binafsi 5.9%, sekta ya umma 32.2%. Shule ya serikali iliyoko Chicago, bwana, haihamishiki Tennessee, kusini, kama kiwanda.

Volkswagen ilijenga kiwanda Chattanooga, Tennessee. Chama cha wafanyakazi wa magari kikashindwa kura 2014 kwa 712 dhidi ya 626, kikashindwa tena 2019, kikashinda Aprili 2024. Miaka kumi kwa kiwanda kimoja, na ushindi huo ulileta haki ya kuketi mezani tu. Mkataba wa hali bora ulikuwa bado kujadiliwa.