Soda baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama gesi ya soda itautanua tena mfuko wa chakula. Ushahidi wa hilo ni mdogo. Gesi inaumiza, ni kweli, lakini kilo hurudishwa na sukari, na wengi huinywa bila wasiwasi kwa kuwa soda "imeshatoka gesi".

Upasuaji wa slivu huacha mrija mwembamba wa tumbo unaobeba kama mililita 100 hadi 150. Upasuaji wa baipasi huacha kijifuko cha kama mililita 30 tu, kilichounganishwa na utumbo mdogo. Sasa chukua soda ya chupa, mililita 350: gesi iliyomo ikitoka yote hujaza zaidi ya lita moja. Nyingine hupotea unapofungua na kumimina, ila soda ya baridi huishikilia gesi yake mpaka ipate joto, na joto hilo italipatia tumboni mwako. Ndiyo maana soda ya kwenye friji, ikipigwa mafunda makubwa juani, huleta mkazo chini ya kifua na mbweu zinazogoma kutoka. Aliyefanyiwa slivu hupata na kiungulia, kwa sababu ule mrija una shinikizo kubwa na tindikali hupanda kirahisi.

Miezi mitatu ya mwanzo usiiguse kabisa. Kwa baipasi mie hupenda isubiriwe miezi sita. Madaktari wengine huikataza maisha yote. Kama karatasi uliyorudi nayo kutoka Dar es Salaam au India inasema hivyo, ifuate hiyo.

Muda ukifika, anza na maji ya gesi yasiyo na sukari, siyo kola. Yaache yapoteze ubaridi, yamimine kwenye gilasi pana, koroga kwa kijiko dakika tano, kisha yaweke nusu saa. Kunywa vijiko viwili vya chakula, yaani mililita 30, kidogo kidogo kwa robo saa. Usitumie mrija wa kunywea wala usinywe kwa mdomo wa chupa, maana utameza na hewa. Kaa wima. Chakula kiwe kimepita nusu saa au zaidi, na usilale kwa saa tatu. Pasipo maumivu, baada ya siku mbili tatu ongeza hadi mililita 60, halafu 100. Sioni sababu ya kupita 150. Tumbo likibana, acha, ujaribu tena baada ya mwezi.

Soda isiyo na sukari huondoa tatizo la sukari tu. Tindikali inabaki hata gesi ikiisha, na kola ina kafeini pia. Mwenye kiungulia cha kila siku aiache.

Soda ya kawaida ina sukari kama gramu 10 kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa moja ni karibu vijiko tisa vya chai. Kwa mtu wa baipasi sukari hiyo huteremka kwenye utumbo kwa kasi: ndani ya nusu saa moyo unakwenda mbio, jasho, tumbo linasokota, kuharisha. Baada ya saa moja hadi tatu sukari ya damu inaweza kushuka mno, mtu akatetemeka na kuishiwa nguvu. Anayetumia dawa za kisukari ajihadhari zaidi. Juisi ya miwa haina gesi, lakini sukari yake huipita ya soda. Ukwaju na ubuyu vina madhara hayohayo vikitiwa sukari. Dafu ni afadhali, lakini nalo lina sukari yake. Gilasi nzima kwa mkupuo ni nyingi.

Kwenye harusi soda huja pamoja na biriani, na hapo makosa ni mawili: gesi, na kunywa katikati ya kula. Omba maji, uyaweke pembeni mpaka nusu saa baada ya sahani kuondolewa. Mwenye shughuli hatakasirika. Kwenye futari usifungue kwa soda hata mwaka wa tatu baada ya upasuaji. Saa za usiku ni chache na mwili unadai lita moja na nusu ya maji, na tumbo dogo likishajaa gesi halina pa kuyaweka. Kufunga kwenyewe zungumza kwanza na daktari wako.

Maumivu ya soda huisha gesi ikitoka. Maumivu makali yasiyopungua, homa, mapigo ya moyo yanayokwenda mbio, maumivu ya bega la kushoto au kutapika mfululizo si ya soda, hasa wiki za mwanzo. Nenda hospitali saa hiyohiyo, Mnazi Mmoja ya Unguja au, ukiwa Mkoani, Pemba, Abdalla Mzee, na useme tangu mapokezi aina ya upasuaji na tarehe yake. Waambie wasikuingize mpira wa puani unaoteremka hadi tumboni kabla ya kuzungumza na daktari wa upasuaji, na kama ni baipasi, wasikuchome diklofenaki, sindano ya maumivu, kwani dawa za aina hiyo huleta vidonda pale kijifuko kilipounganishwa na utumbo.