Je, prosesa yenye kasi hutuliza mota?

Miongoni mwa vijana wanaounda mashine, kuna wenye imani hii: mota ikitetemeka, tafuta kompyuta yenye kasi zaidi. Imani hiyo ina msingi, maana kompyuta ndiyo inayotoa amri.

Lakini mota haihitaji kasi kama inavyohitaji amri kufika kwa wakati. Mota yenye hatua 200 kwa mzunguko, ikizunguka mara 5 kwa sekunde, inataka mipigo 1,000 ya umeme kwa sekunde, mmoja kwa kila hatua, yaani mmoja kila milisekunde. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta, inagawia programu nyingi muda wake. Mpigo ukichelewa, mota inashtuka. Kwa hiyo draiva nzuri, yaani programu inayounganisha kerneli na kifaa, hupokea amri tu, tuseme “nenda hatua 400”, kisha huiachia chipu ya pembeni kazi ya kuhesabu. Na madraiva yakifuata utaratibu mmoja ndani ya kerneli, programu ileile huendesha mota tofauti bila kuandikwa upya. Mimi hapo ndipo naona faida kubwa zaidi.

Jaribu mwenyewe kwa Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, na servo ndogo, mota inayogeuza mkono hadi pembe unayoitaka (ipe umeme wake wa kutosha, kwani umeme hafifu nao huitikisa). Iendeshe kwa programu inayowasha na kuzima pini, huku ukinakili faili kubwa, na uutazame mkono wake. Kisha wezesha PWM, yaani mipigo inayopimwa na chipu yenyewe badala ya programu, ingia /sys/class/pwm, fungua chaneli kwa faili la export, weka period 20000000 na duty_cycle 1500000, zote nanosekunde, uwashe. Nakili faili lilelile tena, na ulinganishe mtikisiko.