Wakitoa nyongo, mafuta nitayasagia nini?

Swali hilo huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi siku moja kabla ya upasuaji, na anayeuliza huwa ameshamaliza maswali yake yote kwa daktari. Mimi ni mtaalamu wa lishe katika wodi ya upasuaji. Kisu hakinihusu, kinachonihusu ni sahani, kabla na baada.

Kwa maoni yangu hofu hii imeletwa na lugha. Neno nyongo tumelibebesha mizigo miwili: yale maji machungu ya kijani, na kifuko kinachoyatunza chini ya ini. Daktari akisema "tutatoa nyongo", anamaanisha kifuko. Maji yenyewe hutengenezwa na ini, nusu lita hadi lita moja hivi kwa siku, na ini halitaguswa. Kifuko huyapokea, huyakoleza, kisha hukaa na akiba ya mililita 30 hadi 50 mpaka mafuta yafike kwenye utumbo mwembamba; hapo hujikamua na kuimwaga kwa mkupuo. Kikishatolewa, nyongo huchuruzika polepole usiku na mchana. Unachopoteza ni ule mkupuo tu. Ukilishika hilo, nusu ya ushauri wangu unaweza kuutunga mwenyewe. Farasi huzaliwa bila kifuko hiki na hula hadi akanawiri, na binadamu wameishi bila hicho tangu Carl Langenbuch alipokitoa kwa mara ya kwanza jijini Berlin mwaka 1882.

Maandalizi ya sahani huanza wiki kadhaa kabla. Mlo wenye mafuta mengi hukilazimisha kifuko kujikamua, na penye mawe, yaani vijiwe vinavyoganda kutokana na nyongo ndani ya kifuko, ndipo huja yale maumivu ya chini ya mbavu za kulia yanayozunguka hadi mgongoni. Kwa hiyo punguza vya kukaanga, lakini usiache kula. Wapo wanaojinyima kwa kuogopa maumivu, wakakonda haraka, kumbe wanajiongezea mawe: mwili ukiyeyusha mafuta yake kwa kasi, ini huingiza kolesteroli nyingi zaidi ndani ya nyongo, na kifuko kisichokamuliwa huiacha itulie na kuganda. Kula milo midogo kwa saa zilezile kila siku.

Na ile "dawa" ya kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau ili kusafisha nyongo? Kila mwezi kuna anayeniletea picha ya vijiwe vya kijani alivyotoa chooni. Vijiwe hivyo kwa kawaida ni sabuni: mafuta uliyokunywa yamekutana na chumvi za tumboni yakagandamana. Mawe ya kweli bado yako mahali pake. Hatari iko upande mwingine, kwamba mafuta yote yale kwa wakati mmoja yanaweza kukikamua kifuko kikasukuma jiwe hadi likwame kwenye mrija, na jambo likatumbukia nyongo kwelikweli.

Kuhusu dawa, nitasema kwa ufupi: mtajie daktari kila unachomeza, hata mizizi na vidonge vya vitunguu saumu. Za kuzuia damu kuganda na za kisukari huhitaji mpango maalumu. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Suala la kufunga ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Dawa ya usingizi huilegeza milango ya koo, hivyo kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Utaratibu unaotumika sana ni kuacha chakula saa 6 kabla, na mlo mzito wenye mafuta saa 8, huku maji matupu yakiruhusiwa hadi saa 2 kabla. Chai ya maziwa ni chakula, hata kama umeinywa kikombeni. Lakini nimeshapokea wagonjwa waliojinyima hata maji tangu jioni ya jana "kwa usalama zaidi", wakafika midomo imekauka na kichwa kinagonga. Fuata saa ulizopewa na hospitali yako, usipunguze na usiongeze.

Ukizinduka, huenda ukahisi maumivu begani na ukadhani ni moyo. Katika upasuaji wa matundu madogo tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksaidi ili daktari aone vizuri. Inayobaki huchokoza msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na neva ya msuli huo hupeleka habari zake begani. Kutembea taratibu husaidia, na huisha ndani ya siku chache.

Chakula cha kwanza ni maji kwa mafunda, kisha supu nyepesi. Kichefuchefu kikipungua, ongeza vyakula laini. Siku hizo za mwanzo tatizo mara nyingi si kuhara bali kufunga choo, kwa sababu dawa kali za maumivu huzubaisha utumbo. Kunywa maji ya kutosha, na kula matunda.

Kosa ninalokutana nalo sana huja baadaye. Mama mmoja alirudi baada ya miezi mitatu akiwa amekonda. "Daktari, mimi na mafuta basi tena," aliniambia (huniita daktari, nami nimechoka kukanusha). Alikuwa akila mkate mkavu na mboga za kuchemsha tu. Sasa, vitamini A, D, E na K hufyonzwa pamoja na mafuta, na kidonda nacho kinataka protini. Nilimpangia mlo wenye samaki, yai la kuchemsha, kuku asiye na ngozi, na kijiko kimoja cha mafuta katika kila mlo. Vijiko vitatu vikigawanywa mara tatu, nyongo inayochuruzika huvimudu. Vyote vitatu mchana mmoja, baada ya kushinda na njaa, ndivyo vinavyokukimbiza chooni.

Kuhara kwenyewe kuna sababu yake. Chumvi za nyongo zikizidi kufika utumbo mpana huvuta maji. Kwa wengi hali hutulia ndani ya wiki au miezi michache. Uji wa shayiri, karoti na tufaha vina nyuzi zinazoyafanya maji hayo kuwa mazito. Kahawa na pilipili ziahirishe. Maharage yarudishe kidogo kidogo, maana gesi juu ya kidonda kibichi si mchezo. Jaribu chakula kimoja kimoja na uandike daftarini kilichokusumbua. Daftari hilo lina faida kuliko orodha yoyote ya vyakula "vilivyokatazwa" ningeweza kukupa. Kuhara kusipokoma, daktari anayo dawa ya unga inayozinasa chumvi hizo.

Lakini macho yakiwa ya manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka, au homa na maumivu ya tumbo vikazidi badala ya kupungua, funga daftari. Hilo si suala la sahani tena, mimi sina la kukusaidia. Rudi kwa aliyekupasua siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.