Kabichi ni maji: kutoka kitaluni hadi sufuriani

Gramu 100 za kabichi mbichi zina takriban gramu 92 za maji. Mimi huanza na hesabu hiyo kila ninapoitwa kumshauri mkulima wa mboga, kwa sababu nimeona kwamba makosa mengi ya zao hili, shambani na jikoni, chanzo chake ni maji: yamekuja kwa wingi usiofaa, kwa wakati usiofaa au mahali pasipofaa.

Mche hukaa kitaluni wiki nne hadi sita, mpaka uwe na majani manne hadi sita ya kweli. Siku chache kabla ya kuuhamisha nashauri umwagiliaji upunguzwe ili mche ukomae, lakini siku yenyewe ya kung'oa kitalu kilowe vizuri, mizizi itoke na udongo wake. Nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya miche huzifaa aina nyingi. Hali ya hewa inayopendwa na kabichi ni ya ubaridi, nyuzi joto 15 hadi 20 za Selsiasi. Joto likizidi sana, aina nyingi hutoa majani tele na kufunga vichwa kwa shida.

Mizizi mingi ya kabichi imetandaa juu juu, kwa hiyo udongo ukikauka kidogo tu mmea huhisi mara moja. Kipindi kigumu zaidi ni kile ambacho vichwa vinafunga. Shamba likikaa kavu kwa siku kadhaa, kisha likanyeshewa au kumwagiliwa kwa pupa, majani ya ndani hutanuka upesi kuliko ya nje yanavyoweza kuyahimili, na kichwa hupasuka. Iwapo vichwa vimeshakaza na mvua kubwa inakaribia, kishike kila kichwa kwa mikono miwili ukizungushe kama robo ya mzunguko mpaka usikie mizizi ikikatika chini. Wapo wanaoniona nimerukwa na akili ninapofanya hivyo, ila mizizi iliyopungua hunyonya maji kidogo, na mkulima hupata siku kadhaa za kuvuna bila haraka.

Maji yatolewe kwa njia ipi? Hapa ndipo penye mtihani. Umwagiliaji wa kunyunyizia kutoka juu huwaangusha viwavi wachanga wa nondo mgongo wa almasi, mdudu ambaye kutegemea dawa peke yake dhidi yake ni kujidanganya, kwani usugu wake dhidi ya dawa ya DDT uliripotiwa huko Java, Indonesia, tangu mwaka 1953, na tangu hapo amezizoea dawa nyingi. Hata hivyo, maji hayohayo yanayoruka kutoka jani hadi jani hueneza bakteria wa ugonjwa wa uozo mweusi. Yale matone yanayojipanga pembezoni mwa jani alfajiri mara nyingi si umande, bali ni maji ya mmea wenyewe yaliyosukumwa nje kupitia vitundu vidogo, na bakteria huingilia humohumo. Ndiyo maana dalili ya kwanza ni baka la njano lenye umbo la herufi V, upana wake ukiwa ukingoni na ncha ikielekea katikati ya jani. Ukikata kikonyo utakuta mishipa imekuwa myeusi. Kwa maoni yangu, palipowahi kutokea uozo huu maji yapitishwe chini, na viwavi washughulikiwe kwa ukaguzi wa mara kwa mara. Kwa kuwa ugonjwa huu husafiri pia ndani ya mbegu, mbegu iwe safi, na zao lolote la jamii ya kabichi, sukuma wiki ikiwemo, lisirudiwe mahali palepale msimu unaofuata.

Sasa jikoni. Katika gramu 100 zile, kilokalori ni 25 tu hivi, nyuzinyuzi ni kama gramu 2.5, na vitamini C ni takriban miligramu 36, wakati mwanamke mzima asiyekuwa mjamzito wala kunyonyesha hushauriwa kupata miligramu 75 kwa siku. Vitamini hiyo huyeyuka katika maji na huharibiwa na joto, hivyo anayechemsha kabichi kwa muda mrefu na kumwaga maji yake humwaga sehemu kubwa ya alichokilipia. Ile harufu nzito ya salfa inayojaa nyumba nzima pia hutokana na kuipika kupita kiasi. Mimi hukatakata nyembamba, nikaifunika kwenye moto kwa dakika chache na maji ya kulowesha sufuria tu, nikaiepua ingali na ukakamavu.

Kabichi ina vitamini K nyingi pia, ambayo husaidia damu kuganda. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hahitaji kuacha kabichi. Kinachotakiwa ni kula kiasi kisichobadilikabadilika ghafla, na kumweleza daktari wake anapokusudia kukibadili.